Mkopo usio na riba ukifika Oktoba

Ukipita Igurusi, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, mwezi wa Juni utaona mpunga umeanikwa kwenye maturubai karibu kufika ukingoni mwa lami. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu alfajiri, pumba zinaruka, na malori yanayokwenda Dar es Salaam yanasubiri kupakia. Hiyo ndiyo miezi ambayo mpunga wa Mbarali una bei ya chini kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mkulima ana deni la mbolea na ada ya shule, na hana pa kuhifadhi gunia lake. Mwenye pesa mkononi hununua. Asiye nayo huangalia.

Dada mmoja ninayemfahamu, mfanyabiashara mdogo wa mchele, alikuwa upande wa wanaoangalia. Pesa hakuwa nayo, ila faili alikuwa nalo. Ndani yake mlikuwa na katiba ya kikundi chao cha wanawake watano, muhtasari wa kikao wenye sahihi zote, barua ya mtendaji, nakala za vitambulisho vya NIDA na taarifa ya akaunti ya benki. Wameomba mkopo wa halmashauri, ule usio na riba. Kila kitu kilikuwa sawa, na afisa maendeleo ya jamii aliwatendea vizuri. Mkopo ulitoka. Ulitoka Oktoba.

Wasiofuatilia mambo haya wajue kwamba sheria inaitaka kila halmashauri nchini itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi jambo hili lilibaki kuwa agizo, kila halmashauri ikitoa ilichotaka, hadi mwaka 2018 lilipoingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa. Riba ikaondolewa. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mabilioni ambayo hayakurejeshwa na vikundi vingine ambavyo havikuwapo kabisa. Mwaka 2024 mikopo ikarudi na masharti mapya, huku halmashauri 10 zikiteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Manispaa ya Songea ikiwa mojawapo.

Mjadala ninaousikia Mbeya na Iringa kuhusu mikopo hii karibu wote ni wa riba na marejesho. Upande mmoja unasema pesa ya bure humharibu mtu, anaichukulia kama zawadi ya wanasiasa. Upande mwingine unasema bila mkopo huu mama lishe na kijana wa bodaboda wataishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake, nami nitaurudia. Ila kwa mikoa yetu hii naona swali kubwa zaidi ni la mwezi ambao pesa inatoka.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mtu ana shilingi 1,400,000. Juni gunia la mpunga ni 70,000, kwa hiyo anapata magunia 20. Anayaweka kwenye ghala la mashine hadi Januari, bei inafika 110,000. Amepata faida ya 800,000, nikiacha pembeni nauli na ghala. Sasa mpe pesa ileile Oktoba, gunia likiwa 95,000. Atapata magunia 14, na Januari ile faida yake itakuwa 210,000. Mtu mwingine akikopa 1,400,000 hiyo Juni kwenye SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kwa miezi saba atalipa riba ya 196,000 na bado atabaki na 604,000. Huyu aliyelipa riba ameondoka na karibu mara tatu ya yule aliyepewa bila riba. Bei nilizotumia ni za mfano tu, lakini mwelekeo wake kila mtu wa Ubaruku au Kyela anaujua: bei ya mavuno na bei ya masika ya mwanzo wa mwaka hazifanani.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema wafanyabiashara wadogo hawajui hesabu kwa kuwa wanakimbilia mikopo ya riba wakati ya bure ipo. Wanajua sana. Kausha damu inakupa pesa leo jioni ukiacha kitambulisho na televisheni yako. Kesho asubuhi kijana mwenye pikipiki na daftari yuko mlangoni kuchukua rejesho la siku. Muuza mbogamboga wa soko la Mwanjelwa mjini Mbeya, ambaye bidhaa zake zinaisha siku hiyohiyo, anaweza kuuhimili mkopo huo kwa wiki moja, labda mbili. Ukizidi hapo unalipa rejesho kwa mtaji, kisha unakopa kwa mwingine ili umlipe wa kwanza, na vyombo vya ndani vinaanza kuondoka kimoja kimoja. Nimeona kitanda kikitolewa nje na mwenye nacho amejifungia chumbani kwa aibu. Siitetei biashara hiyo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba inauza kitu ambacho halmashauri haina, yaani siku.

Kwa nini halmashauri ichelewe? Wengi hujibu haraka kwamba ni uzembe. Uzembe upo, lakini jibu lenyewe liko kwenye neno "mapato ya ndani". Halmashauri ya huku inakusanya nini? Ushuru wa mazao, kwa sehemu kubwa. Mafinga ina mbao, Tunduma ina mpaka na malori yake, Njombe ina viazi, parachichi na chai. Ushuru wa mazao hukusanywa mazao yanapotembea, baada ya mavuno. Mwaka wa fedha nao unaanza Julai. Pesa iingie, itengwe, vikundi vihakikiwe ngazi ya kata, kamati zikae, mikataba isainiwe. Ukifika mwisho wa mnyororo huo, mpunga umeshahamia kwenye maghala ya watu wengine. Pesa ya mkopo inatokana na mavuno yaleyale ambayo mkopaji alipaswa kuyanunua. Kwa mtindo huo ni lazima ichelewe, hata kama kila afisa ni mwaminifu na anafika kazini saa moja na nusu.

Wanaotetea uhakiki mrefu wana hoja nzito. Hii ni pesa ya umma. Yaliyotokea kabla ya 2023 hayakuwa utani: majina ya watu yaliazimwa, vikundi vikaundwa wiki moja kabla ya mkopo na kuvunjika wiki moja baada yake. Pesa ilipotolewa upesi bila kuchunguzwa, aliyekuwa karibu na ofisi ndiye alifaidi. Mama wa Isyesye asiye na mtu wa kumpigia simu ndani ya ofisi analindwa na uhakiki kuliko na kasi. Hilo nalikubali, na sitaki turudi kule.

Lakini kusimamisha kila kitu kuliwaumiza pia waliolipa. Kikundi kilichomaliza rejesho lake Machi 2023 kikitegemea awamu ya pili, kiliambiwa kisubiri zaidi ya mwaka kwa makosa ya watu ambao hakiwajui. Wapo walioshindwa kusubiri, na tunajua walikwenda kukopa wapi.

Kuhusu kikundi chenyewe, hapa ndipo nasita. Kwa mtu asiye na hati ya nyumba wala gari, wenzake wanne ndio dhamana yake, na si kila benki itakayoikubali dhamana hiyo. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vimetufundisha kwamba inafanya kazi: watu hulipa kwa sababu Jumapili watakutana. Tatizo ni kwamba biashara ni ya mtu mmoja. Vikundi vingi nilivyoviona vikipata pesa hugawana siku hiyohiyo, mmoja anaongeza mchele, mwingine mitumba, wa tatu anampeleka mtoto chuo. Kwenye faili wana mradi mmoja wa kufuga kuku ambao haujawahi kuwa na hata kifaranga. Tungekuwa wakweli zaidi kama tungeruhusu kila mmoja aandike biashara yake halisi, na kikundi kibaki na kazi yake ya kudhaminiana. Yule wa mchele aombe kwa msimu wa mchele, wa krispi za viazi aombe anapohitaji kikaangio.

Msaada mwingine upo, na unatumika kidogo kuliko inavyostahili. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, ina ofisi mikoani. Inafundisha usindikaji na ufungashaji, na ina mfuko wake wa NEDF, ulioanza 1994, unaokopesha mtu mmoja mmoja. Barua ya utambulisho ya SIDO humpunguzia mjasiriamali mzigo wa gharama anapotafuta nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, na bila nembo hiyo unga wako wa lishe au asali yako ya Iringa haiingii kwenye rafu ya duka kubwa. Watu wengi wa Mbeya wakisikia neno SIDO wanafikiria soko la SIDO lililoko Mwanjelwa. Na masoko ya hapo yana historia yake: soko la Mwanjelwa liliungua 2006, soko la SIDO likaungua Agosti 2017, na mitaji mingi, ya mikopo ikiwamo, ikawa majivu usiku mmoja. Bima kwa kibanda cha mbao bado ni jambo geni kwetu, na sioni anayelishughulikia.

Basi nirudi Juni. Kama ushuru wa mazao hauwezi kuwahi mavuno, kuna pesa nyingine inayoweza: marejesho. Mikopo hii inatakiwa kuzunguka, anacholipa mmoja akopeshwe mwingine. Wanaouza mchele Desemba hadi Februari wanaweza kulipa kufikia Machi. Pesa hiyo ikikusanyika Machi na Aprili, halmashauri ina cha kutoa Mei bila kusubiri mwaka mpya wa fedha. Inahitaji dirisha la maombi lifunguliwe Januari ili uhakiki wote, hata ule mrefu, uishe mvua zikiwa bado zinanyesha. Inahitaji pia tarehe za rejesho zifuate zao la mkopaji. Kumdai mtu wa mpunga kila mwezi kuanzia Julai ni kumlazimisha auze magunia yake Julai hiyohiyo kwa hasara.

Na hapo ndipo wale wa "pesa ya bure huharibu" wanapata haki yao kamili. Mpango huu unasimama kwa marejesho peke yake. Kikundi kisicholipa Machi kinawaachia wenzao wa Mei akaunti tupu, na ingekuwa vizuri majina ya vikundi vilivyolipa na visivyolipa yabandikwe kwenye ofisi ya kata, watu wayasome wakienda kuchukua barua ya mtendaji.

Yule dada alilipa. Alinunua magunia yake machache kwa bei ya Oktoba, akauza Januari, akarejesha fungu lake lote, kilichobaki kikatosha sare za shule za watoto wawili. Mwaka huu kikundi chao kimeandaa faili jipya mapema, kurasa zilezile kwenye jalada lile la kijani. Wamelipeleka Februari, na wamejibiwa warudi mwaka wa fedha ukianza.