Dawa isiyo na idhini kwa mtoto: uzito uko kwenye kuendelea

Marekani iliidhinisha adalimumabu, sindano ya kutuliza kinga ya mwili, mwaka 2012 kwa watu wazima wenye vidonda sugu vya utumbo mpana. Idhini ya watoto ilitoka 2021. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2012 alikuwa amefika 19, na kimo alichokoseshwa na ugonjwa wakati wa balehe hakirudi. Ndiyo maana madaktari huwaandikia watoto dawa ambazo bado hazijaidhinishwa kwa umri wao.

Wanaopinga wana hoja nzito. Watoto walio chini ya kilo 30 huiondoa infliksimabu, dawa ya kundi hilohilo, mwilini upesi, hivyo dozi ya miligramu 5 kwa kila kilo mara nyingi haiwatoshi. Dawa hizi huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo kipimo hutangulia. Zikitumiwa pamoja na azathioprini, dawa nyingine ya kupunguza kinga, imewahi kutokea saratani adimu ya ini na wengu, hasa kwa vijana wa kiume. Na mtoto anayetibiwa nje ya majaribio, kumbukumbu zake zisipotunzwa, hamfunzi daktari mwingine chochote.

Hata hivyo, tatizo kubwa huanza baada ya dozi ya kwanza. Infliksimabu hutolewa kwa dripu ya saa 2 au zaidi, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Ikikatika kwa miezi, mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Ikirudishwa huenda isifanye kazi, au mtoto abanwe na pumzi dripu ingali mkononi. Kumwanzishia mtoto dawa isiyo na uhakika wa kupatikana mwakani, kwa maoni yetu, ni kosa kubwa kuliko kumwandikia isiyo na idhini.

Lamu uhakika huo unahesabika. Kwa infliksimabu ya miligramu 5 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 20 anahitaji angalau miligramu 100, yaani chupa moja. Akifika kilo 24 zinafunguliwa 2, na miligramu 80 zinabaki. Familia ipige hesabu ya kilo anazotarajiwa kuongeza, maana kunenepa ndiko kunakotafutwa. Adalimumabu hukaa nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji huvumilia siku 14 tu, joto lisipozidi 25, na mchana wa Amu hupita hapo. Kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, ivuke ndani ya boksi la baridi, barafu isiiguse: ikiganda imeharibika.

Kwa walio kwenye majaribio, Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka mpango wa dawa za baadaye uwekwe kabla ya kuanza. Mzazi aulize kabla ya kutia saini: yakiisha, nani atalipa, hadi lini, na imeandikwa wapi?

Ugavi ukiwa na shaka, mwenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa njia ya chakula, aanze na lishe maalumu ya kunywa pekee yenye virutubisho vyote (si maji matupu), wiki 6 hadi 8, chini ya uangalizi wa daktari. Kwa vidonda vya utumbo mpana lishe hiyo haitoshi. Huko mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, na azathioprini zikishindwa, hubaki steroidi, ambazo kwa muda mrefu huzuia kimo, au upasuaji wa kuutoa utumbo mpana wote. Mtoto wa namna hiyo tungempa dawa isiyo na idhini, dozi za mwaka mzima zikiwa zimeshapatikana.