Jumatano Ina Shida Gani na Mimi?

Wenzangu kila mtu ana siku yake mbaya, wengine Jumatatu kwa ajili ya kazi, wengine ile tarehe ya kodi ya nyumba, mimi adui yangu ni Jumatano na ushahidi ninao. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA wanatoa bei mpya za mafuta, zinaanza saa sita na dakika moja usiku, yaani usingizi haujanoga bei imeshabadilika. Mnada wa hatifungani za serikali, yaani bondi, zile serikali inazotukopea sisi, pale Benki Kuu, Jumatano. Halafu wale wa Marekani, Fed, benki kuu yao, wanakaa kikao cha riba mara nane kwa mwaka, na majibu ya kikao yanatoka lini? Jumatano. Saa tatu usiku kwa saa zetu, na wao wakiingia kwenye baridi yao wakarudisha mishale nyuma inakuwa saa nne. Mtu mzima mimi, nina watoto, nina presha, nilikuwa nakaa macho kumsubiri mzee mmoja wa nywele nyeupe anaitwa Powell, aliyekuwa mkubwa wao, atoke aseme riba imepanda au imeshuka "robo asilimia" halafu arudi ndani.

Robo asilimia! Mimi mtoto akija na robo yoyote kutoka shule namfokea, huyu alikuwa akisema robo dunia nzima inashika kichwa.

Mi nauza spea za pikipiki Kariakoo. Cheni, sproketi, breki shuu, vioo, matairi. Mzigo unatoka Guangzhou, tunachanga kontena watu kadhaa, na mchina hataki kusikia habari ya shilingi, anataka dola. Hiyo ni kazi. Ila mbali na kazi mimi pia ni mwekezaji, msicheke, mwaka 2021 serikali ilivyotoa ile bondi ya miaka 25 ya asilimia 15.95 nikajikaza nikaweka milioni moja, ambayo ndo kianzio chake, nikawa naidai serikali. Sio mchezo. Ukipita mbele ya wizara unatembea tofauti kidogo, unaangalia lile jengo unasema hawa wananijua.

Mama watoto nilivyomwonyesha karatasi akaisoma mpaka chini, akauliza, "Baba Rehema, hii pesa yenyewe inarudi lini?" Nikamwambia 2046. Akaniangalia muda mrefu. "2046 utakuwa na meno?" Nikamwelekeza kwamba mtaji unakaa hukohuko ila riba inaingia kila baada ya miezi sita, 79,750, iwe mvua iwe jua. Akasema haya, akarudi kwenye mchicha wake.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake huyohuyo mama watoto, nilimwambia tuingie wote 2021, akasema anasikilizia. Watanzania tuna ugonjwa wa kusikilizia. Akasikilizia mpaka 2022, mwezi wa nne riba za bondi mpya zikashushwa, ile ya miaka 25 ikawa 12.56, ndo na yeye akaingia, kwahiyo kila miezi sita anapata 62,800. Milioni ileile, serikali ileile, miaka ileile 25, tofauti ni kusikilizia tu. Kila Idi tukikutana lazima aanze, "shem, wewe umepata ngapi vile?" kama hajui, nami namtajia taratibu, na mia zake.

Ila raha yenyewe haikukaa. Pale kijiweni kwetu kuna jamaa tunamwita Gavana, sio yule wa Benki Kuu, huyu wetu anakunywa kahawa kwa mkopo na deni la kashata hajalipa tangu sijui lini, lakini muulize habari ya riba ya Marekani, anakushushia kama katoka kikaoni sasa hivi. Yeye ndo alinitia wasiwasi. Akanambia, kaka, Fed wamepandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 mpaka 5.25 hadi 5.50 Julai 2023, sasa tajiri mwenye dola zake atazileta huku kwetu kutafuta nini wakati kwao analipwa asilimia tano amelala? Zinarudi nyumbani. Na ongeza vita vya Ukraine, mafuta yalipanda, ngano ikapanda, mbolea ikapanda, vyote tunanunua kwa dola, kwahiyo hapa dola zinatoka nyingi zinaingia chache. Ndo maana 2023 ulikuwa ukienda benki kuomba dola unaangaliwa kama umeomba figo.

Halafu akachukua kalamu, akanipigia hesabu kwenye gazeti ambalo hata sio lake. "Milioni yako 2021 dola ilikuwa 2,300, sawa? Hiyo ni dola 430 na kitu. Leo 2024 dola imepita 2,700. Milioni yako ni dola 370. Umeidai serikali, ndio, lakini mtaji unapungua umekaa." Nikamwambia mi sikuweka dola, niliweka shilingi, na mchicha nanunua kwa shilingi. Akajibu, "na spea?"

Hapo nikanyamaza.

Maana ndo kitu kinachoniuma mimi, tena naomba mnisikilize vizuri. Hivi vitu vikipanda vinapanda na mimi, vikishuka vinashuka peke yao. Mafuta yakipanda Jumatano, Alhamisi asubuhi bodaboda ameshaongeza mia tano. Mafuta yakishuka namwambia kijana, mdogo wangu mafuta yameshuka jana, hujasikia? Anasema, "nimesikia kaka, ila spea zimepanda." Spea zimepanda! Na spea anauza nani? Ananiangalia kwenye sait mira. Basi natoa ile elfu mbili kimyakimya tunasonga.

Na wateja nao, dola ikipanda hakuna anayejua dola ni nini. Nikisema breki shuu imepanda kwa sababu ya dola wananiambia acha siasa, sisi hatuli dola. Sasa subiri ishuke. Septemba 2024 Fed wakapunguza riba kwa nusu asilimia kwa mkupuo, Gavana siku hiyo alisherehekea utadhani kaajiriwa, na huku kwetu nako msimu ukawa mzuri, korosho zikauzwa, dhahabu ikauzwa, watalii wakaja, kufika Desemba dola iliyokuwa 2,700 ikaporomoka mpaka chini ya 2,400. Furaha, eti? Mimi dukani nina mzigo nilioulipia kwa dola ya 2,700! Hao wateja waliokuwa hawali dola wakaja wote wachumi, mmoja mpaka akanionyesha simu, "bosi, angalia, shilingi imeimarika, shusha bei." Kijana wa kuosha pikipiki huyo. Nikashusha nifanyeje, jirani kashusha. Nikasema poa, nitajifuta machozi mzigo ujao, nitanunua dola rahisi. Ile najikusanya, mzigo wa zamani unauzika polepole, tunaingia 2025, kufika mwezi wa nne dola imerudi 2,600 na ushee inanisubiri.

Ushee huo ulikuwa unakaribia 2,700, msidhani nakuza.

Mwenye fremu ndo usiseme. Yeye miaka yote kodi yake alikuwa anaitaja kwa dola, Kariakoo hiyo, mpangaji anauza vioo vya pikipiki, mwenye fremu ni mtu wa hapahapa tunamjua mpaka shangazi zake, lakini kodi dola, kilemba cha kupewa fremu nacho dola. Mwezi wa tatu 2025 ikatoka kanuni kwamba ndani ya nchi bei na malipo ni kwa shilingi tu. Tulishangilia fremu nzima! Kesho yake kaja na karatasi mpya, kaandika kwa shilingi kweli, anatii sheria, ila sasa kabadilisha kwa dola ya lini? Nikamuuliza mzee wangu, hii umetumia dola ya Desemba? Akasema, "mwanangu, Desemba ilikuwa upepo." Upepo! Mi wateja walivyonishushisha bei Desemba sio upepo, yeye kwake upepo.

Na tarehe mbili Aprili mwaka huohuo 2025, angalieni kalenda wenyewe, Jumatano. Tumetoka kula Idi, mfuko umepauka, EWURA wametoa bei zao kama kawaida, nasema leo imeisha mapema. Saa tano usiku Trump anatoka na libao lake anasoma ushuru wa nchi moja moja utadhani anagawa matokeo ya darasa la saba. Tanzania asilimia kumi. Sasa mi nauza nini Marekani? Sproketi? Lakini asubuhi soko la hisa kule linaporomoka, kila mtu presha, simu zinaita. Gavana akasema tulia, hii ni neema kwako, China akibanwa kule mizigo yake itakosa pa kwenda, itakuja huku bei ya kutupa. Na alibanwa kweli, zile namba zilipanda mpaka 145. Nikampigia mtu wangu wa Guangzhou nimejaa matumaini, nikamuuliza matairi sasa hivi bei gani. Akanitajia bei ileile. Nikamwambia, rafiki, si una hali ngumu? Akacheka sana yule bwana. Jumatano iliyofuata, tarehe tisa, Trump kaahirisha sehemu kubwa ya ule ushuru siku tisini, soko likapaa, na Gavana akasema yeye aliliona hilo. Kitu kimoja hakukiona: dola mwaka huo duniani kote ilikuwa inashuka, hata euro iliipita mbio, hapa kwetu mwezi huohuo wa nne ilikuwa inapanda. Ilikuja kushuka baadaye, Septemba hivi, 2,400 na kitu, na nyie mnajua nilikuwa na mzigo wa dola ya ngapi.

Benki nako nilienda. Nilisikia kwenye redio Januari 2024 Benki Kuu yetu imeanza utaratibu mpya, inatangaza riba yake, asilimia 5.5. Mi nikaoga, nikavaa shati la harusi, nikaenda tawini kuomba mkopo wa asilimia 5.5. Dada wa mikopo alikuwa na adabu, hakucheka palepale, alienda ndani kwanza nikawasikia wanacheka wengi. Akarudi akanambia, "Kaka yangu, hiyo ni ya mabenki kukopeshana sisi kwa sisi, za siku saba. Kwako ni kumi na sita na nusu." Kwahiyo kuna bei ya jumla na bei ya rejareja, sawa, hiyo biashara naielewa. Nikachukua. Aprili Benki Kuu ikapandisha ikawa 6, nikajikunja nikijua naongezewa, dada akanituliza, riba yako imefungwa kaka, haipandi. Nikamwombea kwa Mungu. Julai 2025 ikashushwa 5.75, nikaenda tena na lilelile shati. Riba yako imefungwa kaka. Haishuki.

Sasa katika mikikimikiki yote hiyo, mikutano, robo, nusu, gazeti la hesabu, kuna mtu kakaa zake kimya Tandika anatengeneza pesa kuliko sisi wote, naye ni mama mkwe. Ana bangili nne za dhahabu na mkufu, vya siku nyingi, kavihifadhi kwenye kopo la maziwa. 2021 wakati mi natetemeka na karatasi yangu ya bondi, dhahabu ilikuwa kama dola 1,800 kwa wakia. Machi 2025 ikavuka 3,000. Oktoba ikavuka 4,000! Watu wana hofu, benki kuu za dunia zinanunua, hata yetu inanunua, sheria inataka wachimbaji wakubwa watenge asilimia 20 kwa ajili yake. Nilimfuata mama nikamwelezea yote haya, Fed, hofu, wakia, akanisikiliza kwa heshima huku anachambua mchele. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilizipenda tu." Alizipenda tu! Mimi nimekesha na Powell!

Shemeji alivyosikia akasema angenunua dhahabu sasa hivi ila bado anasikilizia.

Basi mzigo mwingine umefika bandarini, pesa ya kuutoa pungufu, benki na shati langu tumechokana, ikabidi niende vikoba vya mama watoto. Wanakutana Jumapili, angalau. Riba yao asilimia kumi kwa mwezi, haijui Marekani wala Ukraine, haipandi haishuki, na mhazini ni mama muuza vitumbua mwenye daftari la shule la kurasa 96. Nimekaa kwenye stuli ndogo mbele ya wanawake ishirini, mke wangu akiwemo na hata hanitazami. Mhazini kauliza, "Baba Rehema, dhamana yako nini?" Nikasimama, nikakunjua ile karatasi, nikawaambia hatifungani ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, asilimia 15.95, inaiva 2046. Kimya. Mama mmoja nyuma akauliza, "inaiva lini?" Nikarudia. Wakaanza kuchekana kwa kugongana mabega, mhazini akafuta machozi na khanga, akamgeukia mama watoto, wakanong'onezana kidogo, halafu akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaandika: friji.