Tatizo si Ulaya wala Tanga, tatizo ni nani mwenye namba

Kila nikizungumza na ndugu zangu wa Tanga kuhusu programu za kuchambua data za biashara, hizi kina Power BI na Tableau zinazokusanya mauzo, stoo na malipo na kuyaonesha kwenye dashibodi moja, yaani ukurasa mmoja wa grafu na namba, najibiwa vilevile: "Hayo ya huko kwenu Ulaya, huku bado." Siikubali kauli hiyo hata kidogo. Nafanya kazi Hamburg kwenye kampuni ya kusambaza mizigo, na kuandaa dashibodi ndiyo kazi yangu. Nikija likizo, nashinda kwenye ghala la binamu yangu Ngamiani, tukihangaika na kompyuta yake. Vikwazo nilivyovikuta pande zote mbili ni ndugu wa damu.

Chukua daftari la ghala. Mteja mmoja kaandikwa mara kwa jina lake, mara kwa jina la mwanawe, mara "mama wa Muheza". Karani anajua ni mtu yuleyule. Programu haijui, inamhesabu wateja watatu wadogo badala ya mmoja mkubwa. Mlinzi wa getini anaandika lori limeingia saa 2:15, akimaanisha asubuhi kama sote tunavyosema. Kompyuta inasoma saa nane na robo usiku. Mahindi yanaingia kwa gunia na kutoka kwa kilo, na gunia lenyewe leo ni la kilo 100, kesho ni lumbesa. Ukichora grafu juu ya hayo umechora uongo wenye rangi nzuri.

Na huku je? Wajerumani hutenganisha maelfu kwa nukta, kwa hiyo 1.500 kwao ni elfu moja na mia tano. Faili hilo likifika kwa wenzetu wa Uingereza, linasomeka moja na nusu. Idara ya mauzo inahesabu mauzo pale oda inaposainiwa, idara ya fedha inahesabu pesa ikishaingia benki, na kila moja inaapa kwamba ripoti ya mwenzake ni mbovu. Mameneja wenye digrii zao waliendelea kutunza Excel zao binafsi muda mrefu baada ya mfumo mpya kuwashwa, kwa sababu anayeshika namba peke yake ndiye anayesikilizwa kikaoni. Nyumbani nako nimemwona tajiri aliyekataa mfumo kwa kuwa hakutaka hata wanawe waone faida halisi.

Tofauti niliyoiona ipo kwenye namna watu wanavyoshirikishwa. Ujerumani kuna sheria ya mwaka 1972 inayolipatia baraza la wafanyakazi haki ya kukubaliana na mwajiri kabla ya kufunga mtambo wowote wa kufuatilia utendaji wa watu. Dashibodi ya kuonesha nani kapakia mzigo kiasi gani haiwashwi hivihivi. Inachelewesha kazi, ndiyo, lakini ikishakubaliwa hakuna anayeificha taarifa. Kwetu karani anasikia "mfumo mpya unakuja" na anachoelewa ni kufukuzwa. Hakuna aliyekaa naye. Mafunzo ni ya siku moja, muuzaji kashachukua hela yake kaondoka, na daftari la zamani linarudi chini ya meza. Simlaumu karani huyo.

Gharama zipo: leseni kwa kawaida hulipwa kwa kila mtumiaji, kwa mwezi au kwa mwaka, kwa fedha za kigeni. Umeme na bando navyo vinasumbua. Lakini nimeona ofisi zenye jenereta na leseni zilizolipiwa, na ripoti bado inaandikwa kwa mkono usiku wa kuamkia kikao.

Tanga haina muda wa kusubiri. Bandari imechimbwa kina, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kushushia mzigo kwenye matishari, na kila mzigo huo una karatasi zake. Tena tuna kitu kizuri mkononi: malipo ya simu. Kila muamala una namba, tarehe na saa sahihi. Ghalani tulianza kumtambua mteja kwa namba ya simu badala ya jina, na yule mama wa Muheza akaonekana kuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Alikuwa ananyimwa mkopo wa mzigo kila msimu.

Ninachowaomba wenye maghala, vyama vya ushirika vya mkonge na wakuu wa ofisi: kabla ya kusaini ankara ya leseni, andikeni jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua mteja anaandikwaje, mzigo unapimwaje, saa inasomwaje. Binamu yangu amempa karani wake barua ya kazi hiyo. Sasa kila gunia linapita kwenye mizani na kuandikwa kwa kilo, na mwenye ghala mwenyewe akitaka kubadilisha kitu humuuliza karani kwanza. Leseni hajanunua, anatumia Power BI Desktop, ambayo ni ya bure, na kwa sasa inamtosha.