Ufa: mlango au ukuta?

Kwenye ramani ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, volkano na chemchemi za maji moto zimeandamana na nyufa kama shanga zilizotungwa. Ndiyo maana wengi hukata shauri mapema: ardhi hupasuka kwanza, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikapata pa kupandia. Hoja hiyo naikubali nusu tu.

Kwa maji moto, sina ubishi mkubwa. Maji ya mvua huzama kupitia miamba iliyovunjikavunjika kandokando ya ufa, huchemka huko chini, kisha hurudi juu. Olkaria, Kenya, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981, visima hulengwa kwenye nyufa. Mwamba usio na nyufa, hata uwe wa moto kiasi gani, hautoi mvuke wa maana.

Lakini shika kipande cha mwamba kilichotoka ndani ya ufa wa zamani. Mara nyingi utakuta kina mishipa myeupe ya kalsiti au silika. Ni maji yaleyale: yalipita, yakaacha madini, yakajizibia njia. Kiini cha ufa nacho hujaa mwamba uliosagika hadi kuwa kama udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo ufa mmoja huweza kuyapandisha maji ubavuni mwake na papo hapo ukayazuia yasivuke. Kizibo hicho huhitaji mtikisiko ili kifunguke, tena si lazima wa karibu: tetemeko la Denali, Alaska, la ukubwa wa 7.9 mwaka 2002, lilibadili mwenendo wa chemchemi zinazoruka za Yellowstone, hifadhi iliyoko Marekani, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000.

Magma ni habari nyingine, maana haingoji kufunguliwa. Mwaka 2005 huko Afar, Ethiopia, ilijipenyeza chini kwa chini kwa takriban kilomita 60, ikaitanua ardhi hadi mita 8. Nyufa za juu ziliteleza kwa sababu yake, na kilichotoka nje kilikuwa kidogo sana. Aliyefika baadaye angeuona ufa na kudhani ndio ulioanza.

Wanaotetea ufa watanitajia Chile, na wana haki. Mwaka 1960, saa 38 hivi baada ya tetemeko la 9.5, volkano ya Cordón Caulle ililipuka. Sibishi kwamba tetemeko liliisukuma. Ila volkano nyingi jirani zilitikiswa vilevile, zikanyamaza.