Kabla ya rangi, uliza amekula lini

Mtoto wa kaka yangu anasoma huku huku Ujerumani. Juzi usiku kanitumia picha: chatu mchanga wa manjano na hudhurungi, mistari myembamba mgongoni, yumo ndani ya kikopo cha plastiki cha kuwekea saladi. Chini kaandika, "Shangazi, bei ya kutupa! Nimchukue?" Nikamuuliza anakula nini. Kimya. Kaanguliwa wapi? Kimya. Utamweka wapi wewe unayeishi chumba kimoja? Hapo akajibu: "Kwanza iangalie rangi, Shangazi."

Nimeiangalia. Rangi ni nzuri, sitasema uongo. Lakini hiyo rangi ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Chatu wenye mchoro ule wanauzwa kwa jina la buibui. Asili yao ni chatu mmoja wa mwituni aliyetolewa Afrika Magharibi akafikishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Akazalishwa, wanawe wakazalishwa, leo wamejaa kwenye meza za wauzaji dunia nzima. Tatizo ni kwamba jeni inayowapa ile mistari ndiyo hiyo hiyo inayoharibu sikio lao la ndani, mahali pa kushikia mizani ya mwili. Akishtuka, au akinusa chakula, kichwa kinaanza kutikisika. Wengine shingo inajipinda mpaka tumbo linatazama juu. Anamlenga panya, anamkosa. Kuna wanaotikisika kidogo tu na kuna wasioweza hata kujielekeza, na hakuna mfugaji aliyefanikiwa kuitoa kasoro akaacha mchoro. Muulize muuzaji, atakwambia: "Mbona anakula vizuri na anazaa vizuri?" Naam. Hata binadamu mwenye kizunguzungu cha maisha anakula na anazaa. Hiyo si sababu ya kumtengeneza kwa makusudi ili tumuuze.

Na buibui ni mmoja tu. Kila mwaka kuna rangi mpya, kila rangi mpya ina bei ya gari bovu, na baada ya miaka michache bei inaanguka, wale waliozalishwa kwa pupa wanabaki bila wa kuwataka. Kijana anayetaka nyoka wa kwanza anaingia katikati ya biashara hii akiwa na swali moja tu: yupi anapendeza? Ni swali baya kuliko yote.

Swali la kwanza ni ametoka wapi. Hapa niacheni niseme kwa kirefu, maana ndipo panaponiuma.

Buibui ni rangi tu ya chatu mdogo (ndiyo aina yake, Waingereza humwita ball python), yule anayejiviringa duara akiogopa, kichwa akakificha katikati. Kwao ni Togo, Benin, Ghana na majirani zao. Nchi hizo zimekuwa zikisafirisha watoto wake kwa maelfu kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka. Wengi wanaandikwa kuwa ni wa shamba, na mnunuzi wa Dortmund akisikia shamba anadhani kuna mzee mwenye mabanda safi, madume na majike yake, vizazi na vizazi. Kinachofanyika mara nyingi ni hiki: watu wanaingia porini na majembe, wanachimbua mashimo ya panya na ya mchwa, wanatoa majike wenye mimba au waliolalia mayai. Mayai yanaanguliwa kwenye mabanda ya mfanyabiashara. Watoto wanatiwa kwenye mifuko ya nguo, wanapakiwa ndegeni. Anayefika huku akiwa hai anafika na kupe wake, minyoo yake na hofu yake, hajawahi kuona panya mfu maishani, na anawekwa kwenye kikopo cha saladi kwa bei ya kutupa.

Kisheria hakuna kosa, nakubali shingo upande. Chatu huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambacho kinaruhusu biashara yenye vibali, na vibali vipo. Nakubali pia kwamba mchimbaji wa kijijini anapata ada ya mtoto, na mimi niliyekaa karibu na hita sina kifua cha kumkemea. Lakini wewe mnunuzi unayo nafasi ya kukataa. Unaweza kudai nyoka aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji, na wazazi wake ukaonyeshwa.

Halafu kuna hili linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Katika Benin hiyo hiyo, mjini Ouidah, kuna hekalu la chatu. Ni hawa hawa wadogo. Wanatoka, wanatembea mtaani, wanaingia majumbani mwa watu, na mwenye nyumba akimkuta anamrudisha kwa heshima zake. Nchi moja, nyoka mmoja. Huyu anabebwa kwa mikono miwili, nduguye anapelekwa uwanja wa ndege ndani ya mfuko.

Swali la pili ni amekula nini na lini. Mfugaji wa kweli ana kadi ya kila nyoka: kaanguliwa tarehe fulani, kala mara ngapi, panya wa ukubwa gani, kajivua gamba lini. Asiye na kadi mwambie amlishe mbele yako. Akianza kukuambia leo ameshiba, mwambie utarudi wiki ijayo. Msione haya. Sokoni tunabonyeza parachichi mpaka linaiva mkononi, ije kuwa kiumbe utakayeishi naye miongo miwili?

Kwa sababu ya swali hili, mtu akiniuliza aanze na nani, namtajia nyoka wa mahindi wa kusini-mashariki mwa Marekani. Najua, si wa kwetu, hana jina kubwa, hatishi mtu. Anafika mita moja na nusu hivi, anakula panya wadogo maisha yake yote, anavumilia makosa ya anayejifunza. Na anakula! Wangu namyeyushia panya kutoka kwenye friza: natia panya kwenye kifuko, kifuko kwenye maji ya moto kiasi, kisha namkausha na kumshika mkiani kwa kibano kirefu. Sitii mkono wangu. Nyoka anatoka pangoni nusu mwili, ulimi unapiga haraka haraka, halafu ghafla unasimama. Ukiona ulimi umesimama, ujue tayari. Anaruka, anamzungushia mikunjo mitatu panya ambaye alishakufa zamani, anambana kwa bidii zote, kisha anaanza kumpapasa kwa pua akitafuta kichwa, maana anamezea kichwani. Usicheke kwa sauti.

Chatu mdogo naye ni mpole, pengine mpole zaidi, lakini ana tabia ya kugoma kula. Rafiki yangu wa kazini wake aligoma kipindi chote cha baridi. Dada wa watu akawa anampima kila wiki kwenye mizani ya jikoni, akilia kwenye simu, na nyoka uzito uko pale pale. Majira ya kuchipua akala bila maelezo. Mwenye moyo mwepesi asijitafutie presha.

Panya hai sitaki kusikia. Panya akikosa pa kukimbilia anauma, na kuna chatu wengi tu waliotafunwa mgongo na chakula chao.

Chatu wetu wakubwa wa Afrika, wale wa mita nne na zaidi, hata usifikirie. Mwaka 2013 huko Campbellton, Kanada, mmoja alitoroka kwenye fleti iliyokuwa juu ya duka la reptilia, akaua watoto wawili wa kiume waliokuwa wamelala. Nyoka wa sumu ndiyo kabisa. Agosti 2019 hapa jirani, Herne, swila alitoroka kwenye jengo la kupanga, familia zikahamishwa makwao kwa siku kadhaa mpaka alipopatikana. Jimbo letu la Nordrhein-Westfalen likatunga sheria, na tangu Januari 2021 mtu binafsi haruhusiwi kuanza kufuga nyoka wa sumu wa namna hiyo. Wafugaji walilalamika sana. Mimi sikulalamika. Kabla ya sheria hiyo niliwahi kwenda kwenye soko moja la reptilia, nikakuta kwenye kisahani kilichofunikwa yule moma mdogo wa miti mwenye vipembe juu ya macho. Yule anapatikana Tanzania peke yake, kwenye misitu ya milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Sikuwahi kumwona kwetu, nikamwona Ujerumani akiwa na kibandiko cha bei. Muuzaji akaniuliza kama nina uzoefu na nyoka wa Afrika. Nikaondoka kabla sijamjibu.

Kwa hiyo mwaka 2016 Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, nilifurahi, pamoja na kwamba najua waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walibaki na mabanda na madeni.

Sasa nyumba yake. Nyumba inatangulia, nyoka anafuata. Iwashe wiki nzima ikiwa tupu ujue joto linakaa wapi. Nyoka hajitengenezei joto, anahama. Kwa hiyo upande mmoja uwe na joto na mwingine ubaridi, na kila upande uwe na pango la kujificha, la kubana, mwili uguse kuta. Nyoka wa mahindi anataka kama nyuzi 29 upande wa moto. Chatu mdogo nyuzi 32 hivi, na unyevu zaidi. Chombo cha joto kisichopitia kwenye thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, ni jiko. Nyoka anaweza kulala juu ya mkeka unaomuunguza asijiondoe mpaka magamba yameiva, na huku daktari wa wanyama anayejua reptilia hakai kila mtaa. Thamostati ni bei ya pizza mbili tatu. Kijana ananunua nyoka wa euro mia tatu, kwenye thamostati anaona anaibiwa!

Mengine mafupi. Maji safi kila siku. Kifuniko kiwe na kufuli, maana nyoka wa mahindi mchanga anapenya pale ambapo kalamu ingekwama. Akifika, mwache wiki nzima bila kumshika, hata kama marafiki wamekuja kupiga picha. Akishakula, siku mbili usimguse, la sivyo atakutapikia. Macho yakiingia ukungu wa bluu anataka kujivua gamba. Mwache, ongeza unyevu. Nukta nyeusi zinazoelea kwenye bakuli la maji ni utitiri, na utitiri ni vita. Akipumua kwa mlio na mapovu mdomoni, daktari leo, siyo Jumatatu. Ukimshika nawa mikono, kwa sababu reptilia wanabeba salmonela, na mwenye mtoto mchanga nyumbani afikirie mara mbili.

Walioko nyumbani wanaoniandikia kwamba wameona chatu mtoto shambani, je, wamfuge? Hapana. Kenya unahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, Tanzania mnyamapori ni mali ya umma na bila kibali unatafuta kesi. Tena wengi hawajui wamemwona nani. Yule nyoka asiye na sumu anayeishi kwa mayai ya ndege tu anauawa kila siku kwa kufananishwa na wenye sumu, na siku moja mtu atafanya kosa la upande wa pili, amshike kifutu akidhani ni yule wa mayai. Mkimwona nyoka, rudini nyuma. Mwenye hamu aende Watamu, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken, au Snake Park ya Nairobi, aangalie mpaka macho yachoke.

Na wale wanaosema kufuga nyoka ni wazimu wa Wazungu, mama yangu akiwa mwenyekiti wao (aliposikia alinisomea Ayatul Kursiyyu kwenye simu, yote, taratibu), waende Usukuma wakaulize habari za Wayeye, wanaocheza ngoma na chatu shingoni na kujua dawa za nyoka tangu enzi. Kunitisha kwa uchawi ni sawa, lakini wazimu huu tusiwaachie Wazungu peke yao.

Lililobaki ni umri, na hili vijana hawalipendi. Nyoka wa mahindi miaka 15 mpaka 20 ni ya kawaida. Chatu mdogo anafika 30 bila shida. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilikuwa na mmoja aliyekadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60 aliyetaga mayai mwaka 2020. Mwanafunzi wa miaka 21 akimchukua leo, atakuwa naye akiwa na mvi. Na ukimaliza shahada ukapata kazi Dar, huwezi kumtia kwenye begi ukapanda ndege. Ni vibali vya CITES huku na kule, au umwachie mtu.

Wengi wanamwachia mtu, na mtu huyo mara nyingi ni kituo cha uokoaji. Munich kuna kituo cha reptilia kinachopokea wanyama walioachwa kutoka kila upande. Mwenye haraka ya nyoka wa kwanza apige simu huko, au kwenye kituo cha karibu naye, kabla hajafungua picha hata moja ya muuzaji. Atapewa nyoka mzima ambaye tabia yake inajulikana, aliyeonwa na daktari, kwa mchango mdogo. Wengi wao wana rangi ya udongo, na wanakula.