Bwana Harusi Aliyeingia kwa Magoti

Kwa kuwa sahibu yangu ameona vyema kusambaza ile video ya mimi kuingia harusini kwangu kwa magoti, tena akaikata palepale ambapo ningeanza kujitetea, naomba nisimulie mwenyewe. Mliokwisha kucheka mna ruhusa ya kucheka tena.

Harusi ilikuwa katika nyumba ya mawe ya mababu wa mke wangu, ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba hizo zilijengwa ili mpita njia asichungulie ndani: ukivuka daka (kibaraza cha mlangoni) unaingia tekani (ukumbi wa kuingilia), kisha njia hukata kona kabla hujafika kiwandani, yaani ua wa ndani. Vyumba navyo ni vyembamba, kwani dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali zaidi ya mita tatu hivi. Waliojenga hawakulitazamia sofa la maharusi lenye mgongo wa rangi ya dhahabu, ambalo shemeji zangu walilikodi Mombasa kwa kuuliza bei bila kuuliza vipimo.

Nilipowasili na msafara, matari yakirindima na uchochoro umejaa watu nyuma yangu, sofa lilikuwa limenasa konani kimshazari, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Kulisukuma haikuwezekana, maana ami wa bibi harusi alikwisha kutangaza kwamba atakayechubua chokaa ya babu yake atajenga ukuta mpya. Chini ya sofa palibaki upenyo wa kumtosha mbuzi.

“Mwanangu, inama upite,” shangazi wa bibi harusi aliniita kwa upole kutoka upande wa pili. “Mkeo yuwakungoja.”

Nikapiga magoti. Kilemba kikagonga ubao, kikabaki nyuma. Nikasogea kidogo, jambia likajichomeka katika kitambaa cha chini ya sofa. Kila nikijivuta mbele, linanirudisha. Nilipojipindua ili nilichomoe, joho likanifunika gubigubi. Hivyo (jamani, fikirini wanawake wote waliojipamba kunipokea) kilichotokea mbele yao kwanza ni mikono miwili ikipapasa sakafu, ikifuatwa na joho lisilo na kichwa. Vigelegele vikakatika. Bibi mmoja akauliza, “Huyu ndiye bwana harusi, au ni fundi?”

Baadaye fundi wa kweli alikuja na msumeno, sofa likatoka vipande vipande, nasi tukapigwa picha tumeketi juu ya kitanda cha samadari mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mwenye sofa sasa anadai fidia, na shemeji zangu wanashikilia kwamba nilipe mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitumia.