Kila Fundi Alipatia

Tulikuwa tunakwenda Magu kupanga mahari ya kaka yangu, mwendo wa kilometa kama 60 kutoka Mwanza mjini, na baba mdogo akakataa katakata kukodi Hiace. Ya nini, na yeye ana Corolla?

Corolla yenyewe ni ya miaka ya 1980, ya kabureta, na geji yake ya mafuta husema nusu tanki hata likiwa kavu. Ukilipanda, unashuka unanuka petroli mpaka kwenye soksi. Asubuhi ile, ajabu, harufu hakuna. Baba mdogo akarekebisha tai: "Nimelishughulikia. Ukweni hatuendi tunanuka."

Kabla ya Igoma likaanza kukohoa, likazima. Fundi wa kando ya barabara akafungua boneti, akachomoa mpira wa mafuta kwenye pampu, akaupuliza kuelekea kwenye tanki kwa pampu ya baiskeli. "Uchafu huo," akasema, ingawa hakuna aliyeuona. Akarudishia, stata moja tu, likanguruma. Tukamlipa.

Kisesa, karibu na njia ya kwenda makumbusho ya Bujora, likazima tena. Fundi wa hapo aliposikia habari za uchafu alicheka sana. Filta! Akaichomoa, akaitazama juani, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno, akafunga mpya. Likawaka. Shangazi akamwongezea hela ya soda, nadhani kwa jinsi alivyomsema mwenzake.

Mara ya tatu, tushukuru Mungu, lilizimia mlangoni mwa sheli. "Njaa tu hiyo," akasema baba mdogo. Alipofungua mfuniko wa tanki, tukasikia fyuuu ndefu. Akasema hiyo ndiyo kiu. Tukajaza, likawaka, akatugeukia kila mmoja kwa zamu tuone alivyo na akili.

Nyanguge likakata roho. Wakaja bodaboda na ushauri: plagi, koili, pampu imechoka. Mmoja akauliza kwa upole kama binti hakuwa na mchumba mwingine kabla ya kaka. Shangazi akaanza kuomba kwa sauti.

Mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, alikuwa pembeni akiuza mafuta ya alizeti, anamimina kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa. Akatusikiliza weee, kisha akauliza, "Tanki hilo linapumulia wapi?"

"Halipumui kabisa!" akajibu baba mdogo kwa fahari. Kumbe jana yake alikata mpira wa tyubu ya baiskeli akaubana chini ya mfuniko, na kale katundu ka mfuniko kanakotoa harufu akakaziba kwa gundi.

Mayu akaonyesha dumu lake. Upande wa pili alikuwa amelitoboa kwa msumari. Akaweka kidole juu ya tundu, mafuta yakasita. Akatoa kidole, yakamwagika vizuri.

Baba mdogo akatazama kwingine. Pampu ilikuwa inanyonya petroli, hewa ya kujaza nafasi haiingii, mpaka tanki likaanza kuvutana na pampu na pampu ikashindwa. Aliyepuliza mpira aliingiza hewa. Aliyechomoa filta, hewa ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Na sheli ndiyo kabisa, mfuniko mzima uliondoka. Njia nzima tulikuwa tunanunua hewa kwa bei tofauti.

Mayu hakutaka hela. Alitaka tununue dumu zima.

Tukang'oa mpira, tukazibua tundu kwa msumari wake, na kwa kuwa tanki lilikuwa limejaa, kila shimo la barabara lilituletea harufu mpya. Tukafika Magu saa mbili nzima baada ya muda wa miadi. Wenyeji wakanusa, wakatazamana, wakahamishia viti vyetu mbali na jiko. Kisha wakatutoza faini ya kuchelewa.

Hela nyingi zilikuwa zimebaki kwa mafundi. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akauliza kama Corolla inaweza kuhesabiwa badala ya ng'ombe wawili.

Mzee wa upande wa pili akalitazama gari muda mrefu. "Sisi huku," akasema, "ng'ombe tunawapokea wakiwa wanatembea."